Marufuku video ofisini? Tupige hesabu kwanza

Bila shaka umewahi kuliona lile tangazo la mlangoni, herufi kubwa nyekundu: NI MARUFUKU KUANGALIA VIDEO SAA ZA KAZI, MNAUA MTANDAO. Mimi nililikuta katika ofisi niliyofanyia mafunzo kwa vitendo, na mwenzetu mmoja akapewa barua ya onyo kwa sababu yake. Alikuwa anaangalia somo la Excel.

Tangazo lina nusu ya ukweli, tulipe haki yake. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa video ya 1080p, na 15 kwa 4K. Laini ya megabiti 20 ikipata watazamaji wanne wa 1080p, imekwisha. Machi 2020, wakati wa korona, hata Ulaya iliingiwa na hofu, Netflix na YouTube wakakubali kupunguza mzigo. Lakini angalia: walishusha ubora, hawakufunga. Kwa 480p unahitaji takriban megabiti 1 tu (sawa, vinamba vya Excel utavisoma kwa taabu kidogo).

Sasa kosa lenyewe. Video ya mtandaoni haivuti muda wote. Inakuja vipande vya sekunde chache chache, ikishajaza akiba inapumzika, na laini ikibana inajishushia ubora yenyewe. Kinachokata simu za Zoom mara nyingi kiko upande wa pili, kwenye kupandisha mafaili. Chukua ruta yenye bafa ya megabaiti 1 na njia ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde. Megabaiti 1 ni megabiti 8, gawa kwa 5: foleni ikijaa, kila pakiti inayofika inasubiri sekunde 1.6. Pendekezo la ITU kwa mazungumzo ya sauti ni ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Hapo hata bosi akiwa peke yake mtandaoni, atasikika kama roboti.

Ofisini kwetu tangazo lilibaki mlangoni, na simu ziliendelea kukatika kila saa nne asubuhi, muda ambao seva ilikuwa inatuma nakala za mafaili nje. Hakuna aliyeiandikia seva barua ya onyo.

Dawa ya foleni hii ipo tangu 2012, pale Kathleen Nichols na Van Jacobson walipotoa CoDel, mbinu inayopima pakiti imesubiri muda gani na kuanza kuzitupa kabla foleni haijavimba. Ndugu yake, FQ-CoDel, anaupa kila mtiririko foleni yake, kwa hiyo nakala za seva hazizibi njia ya simu. Iko ndani ya Linux, bure kabisa.

Kabla hujabandika tangazo lako, fungua kompyuta, piga ping mtandao ukiwa umetulia, kisha piga tena wakati faili kubwa linapanda. Namba ikiruka kutoka 40 hadi 1,600, mwite fundi wa ruta, siyo afisa utumishi.