Kazi ya Mpira: Namna ya Kutambua Suspensheni ya Hewa Iliyobadilishwa Vizuri

Prado yenye springi za hewa nyuma ikitoka kutengenezwa hupendeza siku hiyohiyo, hata kama kazi yenyewe ni mbovu. Injini inawashwa, kompresa inasukuma hewa, mkia unanyanyuka, na shokapu mpya zinang'aa chini ya gari. Nani atalalamika? Anayetaka kujua ubora wa kazi atazame mpira. Katika mfumo huu chuma ni kivumilivu: nati iliyolegea hukazwa tena na ekseli yenye kutu husuguliwa. Lakini mpira uliokunjwa vibaya, uliopindwa kwenye bolti au uliosagwa na mchanga haurudi ulivyokuwa. Anayebadilisha springi na shokapu nyumbani, na anayemlipa fundi aifanye kazi hiyo, wote wana swali moja la kuuliza: je, mpira umetendewa haki?

Nazungumzia hasa Prado za toleo la 120, zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, pamoja na ndugu yao Lexus GX 470. Si kila Prado ya toleo hilo ina hewa. Nyingi zina springi za koili. Zenye hewa hubebwa nyuma na maputo mawili ya mpira yaliyokaa juu ya ekseli, na zina kompresa ya umeme na sensa zinazopima kimo cha gari.

Kujua kilichochoka

Springi hubeba uzito. Shokapu huzuia gari lisiendelee kudunda baada ya springi kujibonyeza. Mtu asiyetenganisha kazi hizi mbili atanunua spea isiyohitajika. Gari linaloamka asubuhi limelala upande mmoja linavuja hewa, na shokapu mpya hazitalinyanyua. Gari linalovuka tuta kisha likaendelea kunesa limechoka shokapu, hata kama kimo chake hakina kasoro.

Mvujo hutafutwa kwa maji ya sabuni yenye povu zito. Paka kwenye mkunjo wa chini wa puto, pale mpira unapojikunja na kujikunjua kila gari linapopanda na kushuka. Hapo ndipo nyufa huanzia, na hapo ndipo vumbi la barabara ya changarawe hujificha na kuusaga mpira taratibu. Kisha paka viungo vya mipira ya kupitishia hewa. Wakati mwingine kosa lote liko kwenye oringi ndogo, na puto ni zima kabisa.

Kompresa iliyokufa huwa mara nyingi ni matokeo ya ugonjwa, si ugonjwa wenyewe. Puto likivuja, kompresa huwaka mara kwa mara, hupata joto, na kikaushio chake hulowa unyevu. Atakayefunga kompresa mpya huku puto bado linavuja ataiua nayo.

Kwa shokapu, utando mwembamba wa oili ulioshika vumbi karibu na sili si hoja ya kuitupa. Oili iliyotiririka hadi chini na kulowesha mwili wa shokapu ndiyo hukumu.

Kuchagua spea

Puto la mtumba ni hasara, hata likionekana safi. Mpira huzeeka kwa miaka pia, achilia mbali kilomita, na puto lililong'olewa kwenye gari lililokatwa lina umri sawa na gari hilo. Kwenye puto jipya tafuta tarehe ya kutengenezwa, kisha lipapase lote: unene uwe sawa kila upande, pasiwe na uvimbe, na mpira ujikunje bila kuonyesha mistari myeupe.

Shokapu hununuliwa jozi. Mpya ikiwekwa pamoja na iliyochoka, nyuma ya gari itakuwa na tabia mbili, na kwenye kona ya kasi hilo ni hatari. Shika shokapu mpya wima, ibonyeze hadi mwisho, uiachie: ya gesi itapanda yenyewe, polepole, bila kukwama. Kama imelala dukani muda mrefu, ibonyeze na kuivuta ikiwa wima mpaka mwendo uwe laini kabla ya kuifunga. Angalia pia kama za zamani zina waya wa umeme juu. Baadhi ya Prado zina shokapu zinazobadilishwa ugumu kwa swichi, na ukifunga za kawaida uwezo huo unaupoteza.

Mkono wa fundi

Kazi nzuri huanza kwa utulivu. Magurudumu ya mbele yamewekewa kabari, swichi ya kimo imezimwa, chesisi imekaa juu ya stendi imara, na ekseli imeshikwa na jeki peke yake. Hewa yote inatolewa kabla kiungo chochote hakijafunguliwa. Anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu hajafuzu, hata kama anajua majina ya spana zote.

Pale springi inapokaa paoshwe na kukaushwa. Punje moja ya kokoto chini ya puto ni kisu. Oringi mpya ipakwe grisi kidogo, na mpira wa kupitishia hewa ukikatwa, ukatwe kwa wembe mkali, mkato ulionyooka.

Kisha tazama fimbo ya shokapu, ile iliyong'arishwa. Fundi akiibana kwa koleo ili isizunguke anapofungua au kukaza nati, achana naye. Mkwaruzo mdogo kwenye fimbo utakata sili kila shokapu inapofanya kazi, na kabla muda mrefu haujapita oili itamwagika. Ncha ya juu ina mahali pa kushikwa kwa spana, na hapo ndipo pa kushika.

Hatua mbili za mwisho ndizo zinazotofautisha mjuzi na mbabaishaji. Ya kwanza: gari halishushwi juu ya puto tupu. Ekseli inyanyuliwe kwa jeki mpaka karibu na kimo chake cha kawaida, puto lijikunje vizuri, hewa iingie, ndipo uzito ushuke. Puto tupu likilaliwa na gari hujibana vibaya na kupata jeraha kabla ya safari ya kwanza.

Ya pili: bolti za chini za shokapu, na za mikono ya ekseli kama ziliguswa, zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Bushi ni mpira ulioshikana na bomba la chuma. Ukikaza bolti huku ekseli ikining'inia, gari likishuka bushi itabaki imepindika muda wote, hata gari likiwa limepaki, na itachanika mapema. Kaza kwa spana ya torki, kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Kutoa hukumu

Paki mahali tambarare, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Pande zikipishana sentimita moja au zaidi, kagua sensa na mikono yake. Zima injini, uache gari hadi kesho, upime tena kabla ya kuliwasha. Vipimo vikibaki vilevile, hewa imefungwa. Kisha endesha kwenye matuta na barabara ya mawe: nyuma ipande mara moja, ishuke, itulie, bila mlio wa kugonga.

Wapo wanaong'oa hewa yote na kufunga koili. Si dhambi, hasa kwa gari linalobeba mizigo mbali na mji. Lakini masharti ni yaleyale: jozi, springi zinazolingana na uzito, shokapu zinazolingana na springi, na mfumo wa umeme wa hewa uzimwe ipasavyo ili taa ya onyo isiwake daima na kuficha onyo lingine.

Ukimpata fundi anayelishusha gari chini, kisha akarudi kwa hiari yake uvunguni kukaza bolti za bushi, usibishane naye bei. Na kama kazi unaifanya mwenyewe uani kwako, usiondoe kabari mpaka nawe umerudi uvunguni.