Saa ya Pili ya Larcum Kendall

Kunakili kazi ya mwenzako si jambo analolitamani kila fundi, hasa ukiwa na umri unaokaribia miaka 50 na jina lako linajulikana London nzima. Larcum Kendall alikubali. Mwaka 1767 Bodi ya Longitudo ya Uingereza ilimpa kazi ya kutengeneza saa inayofanana kwa kila kitu na ya John Harrison, yule seremala aliyejifundisha mwenyewe ufundi wa saa na kuumaliza ujana na utu uzima wake akitafuta chombo cha kutunza wakati baharini. Miaka miwili nyuma Kendall alikuwa miongoni mwa wataalamu walioitwa kumshuhudia Harrison akiifungua saa yake na kueleza kipande kimoja kimoja. Sasa bodi ilitaka kujua jambo moja: je, saa ile inawezekana tu mikononi mwa mtu mmoja mwenye kipaji cha pekee, au fundi mwingine hodari naye anaweza kuitengeneza?

Swali hilo lilikuwa na roho za watu ndani yake. Latitudo haikumsumbua baharia. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliipata kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: unaubana uzi kwa meno, unaulaza ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari, na ukingo wa juu unakuonyesha Nyota ya Kaskazini imepanda kiasi gani. Longitudo haipatikani hivyo, maana mbingu inazunguka, na nyota unazoziona hapa sasa wataziona wenzako wa magharibi baada ya muda. Inabidi ujue ni saa ngapi hapo ulipo, na wakati huohuo ni saa ngapi katika bandari uliyotoka. Dunia hugeuka digrii 15 kwa saa moja, kwa hiyo dakika nne ni digrii moja, na sekunde nne, ukiwa kwenye ikweta, ni maili moja ya bahari. Saa inayochelewa sekunde tatu kila siku, isiposahihishwa, baada ya wiki sita imekupoteza zaidi ya maili 30. Meli nyingi zilivunjikia miambani kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kwa nje saa ya Harrison ni kama saa ya mfukoni iliyokuzwa: kipenyo chake sentimita 13, uzito karibu kilo moja na nusu, kasha la fedha, uso mweupe. Ndani ndiko kwenye maajabu, na hapo nataka tukae kidogo.

Springi kuu ikiwa imekazwa huvuta kwa nguvu, na ikilegea nguvu hupungua. Dawa ya kwanza ilijulikana zamani: mnyororo mwembamba unaounganisha pipa la springi na koni yenye mfuo uliozunguka toka chini hadi juu. Springi ikiwa kali, mnyororo huvuta penye wembamba wa koni. Ikichoka, huvuta penye unene, na mvuto hubaki karibu uleule. Neno hilo, karibu, halikumridhisha Harrison. Akaweka springi ya pili, ndogo mno, ambayo springi kuu huikaza upya kila baada ya sekunde saba na nusu, mara nane kwa dakika, usiku na mchana. Ni hiyo ndogo tu inayolisukuma gurudumu la mizani. Ni sawa na kuchota maji ya pipa kwa kata: pipa lijae au libaki nusu, ujazo wa kata ni uleule.

Kisha joto. Saa ikitoka kwenye baridi ya kaskazini na kuingia ukanda wa ikweta, springi nyembamba inayolirudisha gurudumu la mizani hulegea, na saa huanza kuchelewa. Harrison alichukua bamba la shaba na bamba la chuma cha pua, yote membamba, akayaunganisha kwa ribiti mgongo kwa mgongo. Shaba hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo joto likipanda bamba hupinda, na kwenye ncha yake zipo pini mbili zinazoikumbatia ile springi. Bamba likipinda pini husogea na kuifupisha sehemu ya springi inayofanya kazi. Ikifupika hukakamaa, na saa hurudi kwenye mwendo wake. Hakuna mkono wa mtu unaogusa chochote. Metali mbili zinasahihishana zenyewe. Sasa mfikirie Kendall na tupa yake akilipunguza bamba hilo, kiasi kwamba likizidi unene kidogo halitapinda vya kutosha, na likipungua litapinda kupita kiasi. Kipimo cha mwisho hakimo kwenye mchoro wowote. Lazima saa iwekwe kwenye joto, iwekwe kwenye baridi, ihesabiwe kwa siku nyingi, ifunguliwe, bamba liguswe tena, na kazi ianze upya.

Alimaliza mwaka 1769. Bodi ikamlipa pauni 450, na juu yake pauni 50 za shukrani. Ili msomaji auone uzito wa fedha hizo: Endeavour, meli nzima ya kwanza ya James Cook, ilinunuliwa kwa pauni 2,800 na ushei. Saa hiyo, ambayo wanahistoria huiita K1, alipewa Cook kwa safari yake ya pili ya mwaka 1772 hadi 1775. Kasha lake lilikuwa na kufuli tatu: ufunguo mmoja kwa nahodha, wa pili kwa ofisa wa kwanza, wa tatu kwa mnajimu. Hapakuwa na mtu wa kuigusa peke yake. Kila siku, kwa wakati uliopangwa, watatu hao walikutana, wakafungua, wakaitia ufunguo, wakaandika. Saa za fundi mwingine, John Arnold, zilizokwenda katika safari hiyohiyo zilisimama njiani. Ya Kendall ilipita kwenye barafu za kusini na jua la Tahiti, na Cook, aliyeondoka akiwa na shaka, alirudi akiisifu waziwazi.

Fundi mwingine angeishi kwa sifa hiyo maisha yake yote. Lakini hata kabla ya safari hiyo ya Cook, bodi ilikuwa imemtaka Kendall aendelee kuzitengeneza saa kama ile na kuwafundisha wengine. Alijibu kwa unyoofu ambao mimi nauheshimu kuliko saa yenyewe. Alisema muundo wa Harrison ni wa gharama kubwa mno. Ingepita miaka mingi, kama ingewezekana kabisa, kabla saa ya namna ile haijapatikana hata kwa pauni 200. Lakini yeye aliona yapo mambo yanayoweza kupunguzwa, na akajitolea kutengeneza saa rahisi zaidi kwa bei hiyo. Wakakubaliana.

Ndipo ikazaliwa K2, na kitu alichokiondoa ni kile cha fahari kuliko vyote: springi ndogo inayokazwa mara nane kwa dakika. Sidhani kama ulikuwa uamuzi mwepesi. Huyu ni mtu aliyekwisha kuitengeneza springi hiyo kwa mikono yake, anayejua vizuri kuliko karibu kila mtu duniani inafanya kazi gani, na ambaye sasa anakaa mezani akijiuliza kama baharia anaihitaji kweli. Katika saa ya kwanza tunauona utii wa Kendall. Katika ya pili tunamwona akifikiri, na ndiyo maana naipenda hiyo ya pili, ingawa kwa kipimo cha sekunde ni dhaifu. Mwendo wake haukuwa thabiti kama wa dada yake. Hilo halina ubishi, na bodi iliona.

Hata hivyo saa inayochelewa bado inafaa, mradi ijulikane inachelewa kiasi gani. Kabla ya meli kung'oa nanga, saa hupimwa nchi kavu kwa nyota na jua, na kiasi cha kosa lake kwa siku huandikwa. Baharini unalihesabu kosa hilo na kulitoa. Nahodha William Bligh alipoondoka Uingereza na meli ya Bounty mwishoni mwa mwaka 1787, alikuwa na hesabu ya K2 kutoka Portsmouth: inachelewa sekunde moja na kidogo kila siku. Haya alikuwa ameyazoea. Alikuwa mkuu wa uongozaji wa meli ya Cook katika safari ya tatu, na alikuwemo K1 iliposimama mwaka 1779, baharia mmoja aliyewahi kuwa mwanagenzi wa fundi saa akaifungua, akaondoa uchafu kidogo, ikatembea.

K2 haikuwa mali ya nahodha yeyote. Ilikuwa ya bodi, ikaazimwa kwa huyu, ikarudi, ikaazimwa kwa yule. Mwaka 1773 Constantine Phipps aliipeleka kaskazini kuelekea ncha ya dunia hadi barafu ikamzuia. Katika msafara huo alikuwamo kijana wa miaka 14 aitwaye Horatio Nelson. Baadaye ikatumika pwani ya Amerika Kaskazini. Kisha ndipo akapewa Bligh, aliyetumwa Tahiti kuchukua miche ya mishelisheli na kuipeleka visiwa vya Karibi.

Uasi ulitokea kwenye Bounty tarehe 28 Aprili 1789. Fletcher Christian na wenzake walimshusha Bligh na watu 18 kwenye mashua ya mita saba. Karani wake, Samuel, aliokoa daftari na baadhi ya hati. Alijaribu kuiokoa na saa pia, wakamzuia. Bligh aliifikisha mashua ile Timor, zaidi ya maili 3,600 za bahari, bila saa ya Kendall. Hiyo ni habari nyingine na imesimuliwa sana. Mimi naifuata saa.

Christian alitafuta kisiwa cha kujificha, akakichagua Pitcairn, kilichoonwa na Philip Carteret mwaka 1767. Carteret alikuwa amesafiri bila saa ya aina hii, na kwenye ramani yake latitudo ya kisiwa ni nzuri, lakini longitudo imekosewa kwa takriban digrii tatu. Waliofika pale waliikuta bahari tupu. Ilibidi waifuate latitudo mpaka kisiwa kikatokea, Januari 1790, na ndani ya meli yao ilikuwamo saa iliyoweza kuwaonyesha kosa lile lina ukubwa gani. Kosa hilo liliwalinda. Jeshi la wanamaji la Uingereza liliwatafuta likawakosa. Bounty wakaichoma moto, saa wakaishusha.

Ilikaa huko miaka 18. Mwezi Februari 1808 meli ya Kimarekani iliyowinda sili, Topaz, ilifika Pitcairn, na nahodha wake Mayhew Folger akamkuta mwasi mmoja tu aliye hai, John Adams, kati ya wanawake wa Tahiti na watoto waliozaliwa kisiwani. Adams akampa Folger saa ile na dira. Folger hakukaa nayo muda mrefu: alipotia nanga kwenye kisiwa cha Juan Fernández, gavana wa Kihispania akamnyang'anya. Kutoka hapo ikavuka kuingia Chile, ikauzwa, ikakaa kwa mtu mmoja wa jina la Castillo hadi kifo chake.

Mwaka 1840, huko Valparaíso, nahodha Thomas Herbert wa manowari Calliope akainunua kwa familia ya Castillo. Fundi saa wa mji ule aliifungua, akaisafisha na kuitengeneza, ikatembea. Kendall alikuwa amekufa miaka 50 kabla. Fundi huyo alikuwa na mbele yake kazi ya mtu asiyemjua, kutoka nchi nyingine, iliyopita katika mikono ambayo kwa sehemu kubwa haikujua namna ya kuitunza, na bado aliweza kuisoma: springi, mnyororo, koni, bamba la metali mbili, gurudumu la mizani. Naamini ule upunguzaji wa Kendall ulisaidia. Kila kipande ambacho hakimo ni kipande ambacho hakiwezi kushika kutu kisiwani, kukatika kwenye mzigo au kumchanganya fundi wa ugenini.

Kendall alitengeneza ya tatu pia, ya pauni 100, mwaka 1774; nayo ilikwenda na Cook, kisha na George Vancouver, kisha na Matthew Flinders pwani ya Australia. Kufikia hapo Arnold na Thomas Earnshaw walikuwa wakiitafuta njia nyingine, yenye vipande vichache zaidi na inayoweza kurudiwa karakanani mara mia, na njia hiyo ndiyo iliyoshinda. Meli ya Beagle ilipoondoka mwaka 1831 ilichukua saa 22 za namna hiyo. Swali la kitu gani kinaweza kuondolewa lilikuwa limeulizwa kwanza kwenye meza ya Kendall, ingawa jibu lake yeye halikuwa la mwisho.

Herbert aliitoa K2 kwa jumba la makumbusho la wanajeshi London. Tangu 1963 iko Greenwich, katika hazina moja na saa ya Harrison, ile ambayo Kendall aliinakili mara moja na kukataa kuirudia.