Ustadi wa Kutia Chipu

Katika kazi za mikono zilizosalia mijini mwetu, sijui iliyostahiki sifa na ikakosa wa kuisifu kama kazi ya fundi afunguaye kifaa cha michezo cha mkononi, akatia ndani yake chipu ambayo aliyekiunda hakuikusudia. Wako waionao kuwa ni upuuzi wa vijana, na wako waionao kuwa ni ujanja wa wezi. Lakini mtu akijaliwa kuketi ubavuni mwa fundi mwenye adabu ya kazi yake, kama nilivyojaliwa mimi katika kibanda cha mafundi simu Kariakoo, akauangalia mkono ule ukishuka chini ya hadubini pasipo kutetemeka, atakiri kwamba hapo pana sanaa, na kwamba sanaa hiyo imeanza kututoka kabla hatujaitambua.

Kifaa chenyewe ni Nintendo Switch, kilichotoka Machi 2017. Mwaka uliofuata wajuzi kadhaa, Katherine Temkin akiwa miongoni mwao, walibainisha kwamba programu ya kuwashia, iliyotiwa kiwandani ndani ya prosesa, ina kasoro isiyorekebishika kifaa kikishauzwa, na kwa muda kipande cha waya kikatosha kukifungua. Kasoro hiyo ikazibwa katika prosesa za baadaye, hata Switch Lite ya 2019 na ile ya kioo cha OLED ya 2021 zisifunguke ila kwa lehemu. Mwaka 2020 watu wa kundi la Team Xecuter walitoa chipu za kazi hiyo. Mwaka huohuo Marekani ikawashtaki, na mmoja wao, Gary Bowser, akahukumiwa mwaka 2022 kifungo cha miezi 40. Nayataja hayo kwa kuwa kuisifu sanaa si kuhalalisha kula jasho la watunga michezo. Fundi niliyemwangalia hakushika bisibisi kabla ya kumwuliza mteja wake.

“Mdogo wangu, mashine hii unaitakia nini?”

“Nataka niendeshe programu ninazotunga mwenyewe, kaka.”

Ndipo alipokubali.

Chipu itumikayo sasa aghalabu ni RP2040, ileile iliyotoka mwaka 2021 juu ya ubao wa Raspberry Pi Pico wa dola 4. Kwa dhati yake haina fahari yoyote, fahari imo katika kile ilichofundishwa kutenda. Kifaa kinapowashwa, huyasikiliza yanayopita baina ya prosesa na hifadhi yake, ikaingojea nukta ambayo prosesa yakagua sahihi ya programu iliyoletwa mbele yake, na papo hapo, kwa muda uhesabiwao kwa sehemu za bilioni za sekunde, transista ndogo ikaudidimiza umeme wa prosesa, nayo ikapepesuka na kuikubali sahihi ambayo ingeikataa. Isipofaulu hujaribu tena. Ikifaulu huihifadhi nukta ile, isiitafute siku ya pili.

Lakini kuchagua ndiko kunakomtenga fundi na mbabaishaji. Kila aina ya Switch ina utepe wake wa nyaya na mahali pake pa kulehemu, na ile ya OLED ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hifadhi yake imelehemiwa juu ya ubao, na njia moja isiyoepukika, iitwayo Dat0, imejificha chini yake. Wenye haraka huchomeka kibati chembamba baina ya hifadhi na ubao mpaka kiguse kitone cha lehemu kilichomo mle. Kazi huisha kwa dakika chache, mteja akaondoka akifurahi, na kwa kuwa kibati kimeshikwa kwa kubanwa tu, joto la miezi au kuanguka kumoja hukitenga, na kifaa kikazima. Fundi yule hakukitaka kibati. Aliupasha ubao moto taratibu, akaizungushia hifadhi hewa ya moto mpaka lehemu yote ilipoyeyuka chini yake, akainyanyua kwa kibano. Akalehemu waya wa sehemu ya kumi ya milimita katika kidoa chenyewe cha shaba, akapanga upya vitone vya lehemu, kisha akairudisha. Na hapo alifanya jambo ambalo ningependa kila kijana alione: lehemu ingali maji, aliigusa hifadhi ubavuni kwa ncha ya kibano, ikasogea kidogo, na alipoiachia ikarudi yenyewe mahali pake, ikivutwa na vitone vyote kwa pamoja, akajua kwamba vimeshika.

Nilimkumbuka sonara wa mtaani kwetu utotoni, aliyekuwa akipuliza moto kwa mrija juu ya kekee ya fedha, macho yake yasibanduke katika kiungo mpaka lehemu itiririke na kung’aa. Mkono ni ule ule, na subira ni ile ile.

Yaliyofuata hayakuwa na mshindo, lakini ndiyo yaliyonionyesha daraja yake. Alipima kwa mita kila kiungo, kimoja baada ya kimoja, kabla ya kufunika; akaifuta dawa ya zamani ya kupitishia joto, iliyokwisha kukauka, akapaka mpya; akazirudisha skrubu kwa mpango aliokuwa amezilaza juu ya karatasi. Kifaa kilipowaka, kabla ya lolote, alinakili hifadhi nzima, GB 64, katika kadi ya kumbukumbu, akamkabidhi mwenyewe na kumwusia aitunze, kwani hifadhi ikiharibika pasipo nakala hiyo, kifaa hakirejei katika hali yake ya asili.

Leo aghalabu nakala hiyo haifanywi. Vifurushi vya chipu vyawasili tayari, utepe na kibati ndani yake, na kijana aliyeitazama kazi mara moja katika video hutwaa chuma kinene cha kulehemia, bila ya fluksi wala hadubini, akaking’oa kidoa cha shaba pamoja na waya wake. Bao za namna hiyo humrudia fundi wangu zimefungwa katika mifuko ya nailoni, na nyingine hazina tena pa kushika lehemu. Wateja nao wana sehemu yao, maana wamezoea kuuliza bei na saa ya kuja kuchukua, ila njia itakayotumika hawaiulizi. Na mwanafunzi wa mwisho aliyekuwa akishikiwa mkono kibandani mle amekwisha kuondoka. Anauza kava za simu mtaa wa pili, ambako faida ya siku moja yaishinda ile apatayo mtu kwa kungoja lehemu iyeyuke.