Peponi na Kifauongo: Kiswahili katika Fasihi ya Dunia

Dhana ya fasihi ya dunia, kama Goethe alivyoieneza kuanzia mwaka 1827, ilikusudiwa kuwa soko ambamo kila taifa lingeleta mali yake. Leo soko hilo lina mizani moja. Kazi isiyopimwa kwa Kiingereza huhesabiwa kuwa haijafika, hata iwe imesomwa na vizazi viwili vya wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobel mwaka 2021, wako waliodai kwamba ushindi huo ni wa fasihi ya Kiswahili. Dai hilo lina furaha nyingi kuliko uhakiki. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, huandika riwaya zake kwa Kiingereza, na katika Paradise (1994) Kiswahili kimo kama kiungo mchuzini. Chukua jina la utani analopewa Yusuf na Khalil: "kifa urongo". Kwa msomaji asiyejua Kiswahili, hiyo ni sauti ngeni inayodai maelezo. Mswahili hadai kitu. Kifauongo ni mmea ukunjao majani unapoguswa, ukanywea kana kwamba umekufa, kisha ukafunguka baadaye. Kijana aliyetolewa rehani kwa deni la babake, akajifunza kunyamaza ili asalimike, amesawiriwa kwa neno hilo moja kuliko kwa kurasa nyingi za maelezo.

Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi (2022), inalirudisha neno hilo kwao. Ugeni wake unatoweka. Na hapo, ni kweli, kitu kinapotea, kwani upweke wa Yusuf ulikuwa umeegemea kwa kiasi fulani lugha isiyokuwa yake. Lakini kinachopatikana ni kikubwa zaidi: wahusika wanaacha kuwa vielelezo vya utamaduni wa pwani, wanakuwa watu wanaozungumza.

Euphrase Kezilahabi alishika njia nyingine. Tasnifu yake ya uzamivu aliiandika kwa Kiingereza, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985. Baada yake akatoa Nagona (1990) na Mzingile (1991) kwa Kiswahili. Hawezi, basi, kushukiwa kwamba Kiingereza kilimshinda. Riwaya hizo zinahojiana na Nietzsche na Freud pasi na kuomba ruhusa, na Xavier Garnier alizitafsiri moja kwa moja kwa Kifaransa. Rosa Mistika (1971) haikutoka kwa Kiingereza hadi 2025, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Mhakiki anayeanza kuhesabu umataifa wa Kezilahabi kutoka mwaka huo anasoma orodha ya wachapishaji, hasomi riwaya.

Katika vyuo vikuu vya Kenya, ambako fasihi ya Kiingereza na ya Kiswahili kwa kawaida hukaa katika idara mbili, mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa ameichambua Paradise bila kuifungua Nagona, na mwenzake wa idara ya pili kinyume chake. Peponi ingefaa kuwekwa kwenye mitaala ya idara zote mbili, isomwe sambamba na asili yake, kwa kuanzia na hilo neno kifauongo.