Shavu Kwenye Plastiki

Kabla punje ya kwanza haijaingia, mfuko hujazwa hewa. Mama huupunga mfuko wa ndani hadi ufure, huusokota mdomo, kisha huukumbatia na kuubana taratibu, shavu likiwa karibu na plastiki, kama fundi wa baiskeli anayetafuta pancha. Tundu la ncha ya sindano macho hayalioni. Shavu hulihisi, na sikio husikia upepo ukitoroka. Wa pili nao hupimwa vivyo hivyo, kwa maana mifuko hii ya PICS, ya kuhifadhia nafaka bila hewa, ina tabaka tatu: mbili za plastiki nzito na gunia la kufumwa kwa nje.

Ustadi huu hauna mashine wala cheti, lakini ndio unaoamua kama nyumba ya Kitui au Makueni, nchini Kenya, itakula mahindi yake ya Februari mpaka mvua ya Oktoba.

Mfuko ukifungwa barabara, fukusi waliojificha kwenye nafaka huimaliza oksijeni wenyewe, wakaacha kula. Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walioanza kazi hii kwa ajili ya kunde za Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuja kuonyesha jambo linalonistaajabisha hadi leo: mdudu huyo hufa kwa kiu. Nafaka ni kavu, kwa hiyo mdudu huyatengeneza maji yake mwilini kutokana na chakula na oksijeni. Hewa ikikatika, maji yamekatika. Lakini tundu moja linatosha kumnusuru.

Mfuko wa msimu uliopita ndio mtihani mkubwa. Dumuzi, mdudu mgeni wa kutoka Amerika ya Kati aliyeingia Afrika Mashariki kupitia Tabora, huweza kuitoboa plastiki yenyewe. Panya naye yupo.

Na kukata hewa peke yake hakutoshi. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui, na mahindi yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu yalichangia pakubwa. Mfuko haukaushi kitu. Ndiyo maana wanaojua kazi hutangulia na chupa: mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, tazama. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yanarudi juani.

Katika mafunzo mengi huoneshwa zaidi namna ya kufunga: kusokota, kukunja, kukaza kamba. Ni sawa, ila mimi ningeanzia kwenye kuujaza mfuko hewa, na ningekaa hapo muda mrefu. Tundu moja dogo huzibwa kwa utepe na mfuko kupimwa upya. Yakiwa mengi, mama huitoa plastiki hiyo kwenye kazi ya nafaka, hata siku ambayo pesa ya kununua nyingine haijaonekana na mahindi yamekwisha kupepetwa, yanangoja uani.