Orodha ya Safari za Atomu

Waya wa nano wa oksidi ya zinki huwa na unene wa makumi ya nanomita tu, ilhali urefu wake hufika maikromita kadhaa. Hukulia kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kutokana na mvuke. Anayetaka kuuiga ukuaji huo kwa kompyuta hukwama kwanza kwenye muda. Akifuata kila mtetemo wa atomu, hatua moja ya hesabu ni kama femtosekunde 1. Kompyuta inayopiga hatua 1,000 kwa sekunde itatumia zaidi ya miaka 31 kuimaliza milisekunde 1 ya tanuri, na waya hukua kwa dakika nyingi!

Dawa yake ni kujua la kuacha. Atomu hutetemeka palepale mara chungu nzima kabla ya kuhama. Basi mitetemo iachwe, uhamaji uandikwe. Mwaka 1975 Bortz, Kalos na Lebowitz walichapisha njia ya hesabu ambayo kila jaribio huzaa tukio, bila kupoteza zamu. Fundi wa leo huorodhesha yote yanayowezekana: atomu kutua kutoka kwenye mvuke, kuteleza ubavuni, kunasa nchani, kurudi hewani. Kila tukio hupewa kasi yake, namba ya bahati nasibu huteua moja, na saa husogezwa. Kasi zote zikiwa ndogo, saa huruka mbali.

Wengi husifu picha za mwisho, zile goroli za rangi zinazopandiana. (Nakiri, kwenye mabango ya mikutano zinapendeza.) Mimi naisifu orodha. Kizuizi cha nishati, yaani kilima ambacho atomu hukivuka ili ihame, kikikosewa kwa elektronivolti 0.1, kasi ya tukio hubadilika karibu mara 3 katika joto la tanuri; katika joto la chumba, karibu mara 50. Atomu zikinasa ubavuni kupita kiasi, waya hutoka mnene chini na uliochongoka juu, kama karoti iliyopinduliwa.

Mvivu atachezea namba hadi picha imridhishe. Fundi hurudi kwenye fizikia ya kwanta, akakipigia upya hesabu kizuizi kile kimoja, kisha akaiacha programu ikeshe. Na karoti ikitokea tena, huanza kusaka safari ya atomu ambayo hakuiandika kabisa.