Nzi wa Embe Aliyefutiwa Jina

Mnunuzi wa Kariakoo akipasua embe dodo na kukuta funza, mshukiwa mkuu ni nzi wa matunda: jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Kwa takriban miaka 10 wanasayansi walimwita nzi huyu *Bactrocera invadens*, kisha wakalifuta jina hilo.

Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na haukupita muda akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White walimtangaza kuwa spishi mpya, kwa vielelezo vya Afrika na Sri Lanka. Walitegemea umbo, hasa rangi ya mgongo: wa Afrika walianzia hudhurungi hadi weusi, ilhali *Bactrocera dorsalis* wa Asia, aliyepewa jina na Hendel mwaka 1912, alijulikana kwa weusi.

Lakini rangi hubadilika hata ndani ya spishi moja. Ndiyo maana watafiti walitafuta ushahidi wa aina nyingine.

Kwanza, vinasaba. Kama ni spishi mbili zilizotengana zamani, nzi wa Afrika wangejikusanya kwenye tawi lao katika mti wa ukoo. Badala yake walitawanyika miongoni mwa wale wa Asia.

Pili, kupandana. Madume na majike wa pande zote mbili waliwekwa pamoja katika vizimba vya wavu. Walipandana bila kubaguana, na machotara wakakua salama.

Tatu, kemia. Dume hula methili-eujenoli ya mimea, akaigeuza kuwa harufu ya kuvutia majike. Pande zote hutengeneza viambata viwili vilevile. Jamaa yao wa karibu, *Bactrocera carambolae*, hutengeneza kimoja tu, naye amebaki spishi yake.

Ushahidi wote ukaelekea upande mmoja. Mwaka 2015 Schutze na wenzake waliyaunganisha majina, na kwa kanuni ya kuwapa wanyama majina ya kisayansi, jina kongwe likashinda: *dorsalis*.

Uamuzi huo una uzito shambani. Mbinu ya kupunguza nzi kwa kuachia madume tasa hufaulu pale tu majike wa porini wanapowakubali, na sasa inajulikana kwamba uzoefu wa Asia na Hawaii juu ya *dorsalis* unamhusu pia nzi wa kwetu. Nyigu *Fopius arisanus*, anayeshambulia mayai ya nzi huyo, aliletwa na taasisi ya icipe ya Nairobi kutoka Hawaii, alikokuwa amekwisha kumdhibiti *dorsalis*.